UCHAMBUZI: Tusiuunge upya mnyororo wa uonevu shuleni

KUNDI la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliporipoti shuleni Januari 2026, lilikuta pengo mabwenini. Hapakuwa na kidato cha kwanza wala cha pili. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE waliingia shule za upili mwaka wa 2024, na mwaka uliofuata kidato cha kwanza hakikupokea mtu.

Pengo hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwani uonevu katika shule za bweni hurithishwa. Mgeni hubandikwa jina la ‘mono’, akalazimishwa kufua nguo za wakubwa na kuwapa vyakula alivyotoka navyo nyumbani. Mwaka unaofuata, yeye naye humgeukia mgeni mwingine na kumlipiza kosa asilolitenda. Waliokuwa mono wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 walikaa mwaka mzima bila mgeni wa kumlipiza. Mnyororo ulikatika wenyewe, na ni jukumu la walimu wakuu kuhakikisha hauungwi tena.

Wapo wanaoshikilia kuwa mateso ya bwenini humkomaza kijana. Historia yetu inawakanusha. Mei 1999, wanafunzi katika Shule ya Upili ya Nyeri waliwateketeza kwa moto viranja wanne. Mwaka wa 2017, Wizara ya Elimu ilichunguza madai kwamba viranja wa Shule ya Upili ya Alliance walikuwa wakiwapiga na kuwadhulumu wadogo wao. Katika kisa cha kwanza viranja walikuwa waathiriwa. Katika cha pili walikuwa washukiwa. Hata hivyo, vyote viwili vinatuonya kuhusu hatari ya kumkabidhi kijana rungu la kuwatawala vijana wenzake. Serikali iliwakataza walimu kutumia viboko mwaka wa 2001. Iweje basi kiranja atende kile ambacho mwalimu wake amekatazwa?

Zamani, likizo ilikuwa kimbilio. Leo hii, simu ambayo shule huipiga marufuku humsubiri mtoto nyumbani. Picha ya fedheha au jina la matusi husambazwa katika kundi la WhatsApp, likasomwa na darasa zima usiku wa manane. Anayedhulumiwa hana tena mlango wa kuufunga. Ndipo huanza kukosa usingizi, kujitenga, kulalamikia tumbo kila siku ya kurudi shuleni inapokaribia, na wengine hufikia hata kuyachukia maisha yao. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaharamisha mateso ya mwili na ya akili dhidi ya mwanafunzi, nayo ile ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inatambua kosa la kumnyanyasa mtu mtandaoni. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulikuwa na hekima, kwa kuwa mwenye dhiki ya akili anahitaji tiba, si seli. Lakini korti hufika baada ya madhara kutendeka.

Kinga lazima ianzie bwenini. Kiranja apokonywe mamlaka ya kuadhibu, abaki na kazi ya kuripoti. Mwalimu wa zamu aonekane mabwenini usiku, si kwenye ratiba ya ukutani pekee. Mwalimu wa ushauri nasaha asiwe yule yule anayeketi katika kamati ya nidhamu, kwani hakuna mtoto atakayemfungulia moyo hakimu wake.

Nao wazazi, kabla ya kuuliza alama za mtihani, waulize mtoto anakula na nani, analala karibu na nani na anamwogopa nani. Anayeshindwa kumwambia mzazi anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, inayowahudumia watoto nchini.

Mtoto anayenyamaza hajakomaa. Huenda amekata tamaa ya kusikilizwa.