Mwalimu wa Wanaobaki Nyuma

Misafara iliyopita Unyanyembe katika karne ya 19 ilitanguliwa na kirangozi mwenye bendera. Lakini wanyapara walishika mkia wa msafara, kazi yao ikiwa kumwangalia mpagazi aliyechoka asije akaachwa porini na mzigo wake. Nchi ya Unyamwezi, ambayo Nzega ni sehemu yake, iliwatoa wapagazi hao kwa maelfu. Twakumbusha habari hii kwa kuwa siku hizi, matokeo ya mitihani yakitoka, twamsifu kirangozi peke yake: mwalimu aliyetoa vijana watatu wa daraja la kwanza. Waliobaki nyuma walikuwa na nani?

Mtoto wa Nzega husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na nyumbani husema Kinyamwezi au Kisukuma. Akiingia Kidato cha Kwanza, Hisabati, Bayolojia na Jiografia zote zamjia kwa Kiingereza. Mtihani wa Kidato cha Nne wa 2012 uliwaangusha watahiniwa kama 60 katika kila 100, hata matokeo yake yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Hatukubali kwamba vijana wote hao walikuwa wapumbavu.

Mwalimu wa kutia moyo, kwa maoni yetu, si lazima awe msemaji hodari. Ni yule anayekwenda dawati la nyuma, akafunua daftari, akaona kwamba kijana anayeshindwa na milinganyo hakupata kuzielewa sehemu tangu shule ya msingi. Humrudisha huko pasipo kumwaibisha mbele ya wenzake. Hueleza kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili, kisha humtaka kijana aeleze mwenyewe kwa lugha aliyo nayo. (Twajua lugha rasmi ya sekondari ni ipi, twajua pia kwamba mtoto hawezi kukumbuka asichokielewa.) Msimu wa kilimo ukifika na kiti kikawa kitupu siku tatu, huuliza habari zake nyumbani.

Wako wanaodhani fimbo itafanya kazi hiyo. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule, tena kwa kosa zito la nidhamu. Kukosa jibu la hesabu si utovu wa nidhamu. Kijana achapwaye kwa kutojua hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Julius Nyerere alifundisha St. Mary's, Tabora, mpaka 1949, na baadaye Pugu hadi 1955. Akawa Rais, na watu hawakuacha kumwita Mwalimu. Twajivunia jina hilo, lakini tumekuwa wavivu wa kulipa gharama yake. Ada ya sekondari za serikali hadi Kidato cha Nne iliondolewa mwaka 2016, jambo jema kabisa, nayo madarasa yakajaa. Mwalimu mmoja mbele ya umati, anayelala katika chumba cha kupanga mbali na shule, atalijua lini daftari la kila mtoto?

Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi mlio wazazi, katika mkutano ujao wa shule ya kata yenu msiishie kuuliza daraja la kwanza ni wangapi. Ulizeni ni saa ngapi kwa juma zimetengwa kwa walioachwa nyuma, nani anawafundisha, na kama wanatozwa fedha.