Acheni kutupigia Windows ovyo!

Nimepotea hapa karibu wiki mbili, na safari hii si mitihani. Nilikuwa nauguza mgonjwa: laptopu yangu. Imepona, ila mimi nimebaki na hasira, na leo naimwaga.

Mnajua Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hosteli nzima ikawa ni habari ya Windows 11, nami nikaona nisibaki nyuma. Jumanne usiku nikaanza kupandisha, wakati betri yangu ilishakufa zamani, mashine inaishi kwa waya. Imefika asilimia 71, umeme ukakatika. Uliporudi, vidoti vinazunguka mpaka alfajiri. Humo ndani kuna madodoso 84 niliyoyakusanya kwa miguu na jua la Dodoma, pamoja na sura tatu za ripoti ambazo msimamizi alizitaka Ijumaa. Nakala nyingine? Hakuna. Hilo kosa ni langu, sijitetei.

Asubuhi nikakimbilia kwa fundi mmoja nje ya geti. Kabonyeza mara mbili tu: "Dogo, hii tunapiga Windows mpya, elfu ishirini." Na kazi zangu je? "Hizo sahau."

Jamani, huu ni ufundi gani? Mlango umekwama, unaambiwa choma nyumba! Mara nyingi kinachoharibika zoezi likikatika njiani ni mafaili ya mfumo wenyewe. Kazi zako ziko palepale kwenye diski, hazijaguswa. Anayeziua ni huyo anayefomati na kumwaga Windows mpya juu yake. Halafu unamlipa na asante juu!

Nikabeba laptopu yangu nikaondoka. Aliyeniokoa ni jamaa wa mwaka wa pili, wala hasomi kompyuta, anasoma kilimo. Alikuja na flashi ya GB 16 yenye Ubuntu, ile Linux ya bure iliyoanza mwaka 2004. Akachomeka, akawasha huku akigongagonga F12 (kwako inaweza kuwa F9 au Esc), akachagua kuijaribu bila kuiweka kwenye diski. Baada ya dakika chache mafolda yangu haya hapa! Tukayahamishia kwenye diski ya nje. Machozi yalinilengalenga, na sioni aibu kusema.

Baada ya hapo akajaribu kuikarabati Windows yenyewe, ikagoma. Basi tukapiga Windows mpya. Ndiyo, mwisho wa siku tulifanya kilekile alichotaka fundi! Tofauti ni mpangilio tu: okoa kwanza, futa baadaye. Mpangilio huo ndio uliookoa mwaka wangu.

Najua kuna watakaowatetea: mafundi wana foleni, muda ni pesa. Sawa, basi watutajie bei mbili, ya kuokoa na ya kupiga, tuchague wenyewe. Mimi ningelipa hata nusu ya bumu. Kunyamaza na kumwambia mtu "sahau" si haraka ya kazi, ni uvivu.

Na sisi wateja tuache unyonge. Kabla hujakabidhi mashine uliza: utaziokoaje kazi zangu? Akibabaika, beba mashine yako uondoke. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta mapema ule ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila huo hata jamaa yangu wa kilimo hakusaidii. Na usipandishe mfumo kwa betri mfu, wala bila nakala pembeni. Flashi moja ni bei ya chipsi mayai chache tu.

Ripoti niliwasilisha Ijumaa saa tisa. Msimamizi kairudisha imejaa wino mwekundu, lakini angalau kilikuwepo cha kurudisha.

Naomba kuwasilisha.