Marekani: munganga wa akili wa askari wa zamani, na wale wanaomungojea mugonjwa inje

Katika hospitali ya askari wa zamani kule Marekani, mulango wa wodi ya wagonjwa wa akili unafungwa na ufunguo muchana na usiku. Mugonjwa akiingia anaacha mukaba na kamba za viatu. Chumbani hakuna ndoano ya kutundika nguo, na kiti ni kizito, hakirushwe ovyo. Tangu 2007 hospitali hizo zina orodha ya kuchunguza chumba kwa chumba, kusudi mutu asipate kitu cha kujiumiza nacho. Kisha orodha hiyo kuanza kutumika, visa vya watu kujiua ndani ya wodi vilipungua sana.

Hatari kubwa iko kwingine. Iko katika masiku na majuma ya kwanza kisha mugonjwa kurudi nyumbani. Kila munganga wa akili wa wodi anajua hilo, na ndiyo sababu mabishano ya tangu 2025 juu ya kupunguza wafanyakazi wa hospitali hizo yanamugusa hata kama kazi yake mwenyewe haikuguswa.

Wizara ya Askari wa Zamani, ambayo Waamerika wanaiita VA kwa kifupi, ina hospitali karibu 170 na watu karibu milioni 9 walioandikishwa. Waganga wengi wa Marekani walipita humo wakati wa masomo yao. Kwa munganga wa akili, kazi ya wodi inaanza asubui na ripoti ya usiku: nani hakulala, nani alikataa dawa, nani alitetemeka juu ya kuacha pombe kwa rafla. Wauguzi wako pale, mufamasia pia, na mutu wa huduma za jamii ambaye kazi yake ni kutafuta nyumba, feza na ndugu. Kisha munganga anapita kwa kila mugonjwa na kuuliza maulizo yale yale ya jana, yakiwemo lile gumu: leo uliwaza kufa?

Watu wengi wanawaza kwamba wodi hiyo imejaa watu wanaoota vita tu. Wako, tena ni wengi. Ugonjwa unaotokana na mambo ya kutisha uliandikwa rasmi katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani mwaka wa 1980, na askari waliorudi kutoka Vietnam walichangia sana kufanya utambuliwe. Lakini kitanda cha pembeni kinaweza kuwa cha mutu anayesikia sauti, cha mwengine asiyelala kwa furaha ya kupita kiasi, cha muzee aliyefiwa na bibi yake, ao cha kijana aliyeshindwa kuacha madawa ya maumivu. Wako hata wale ambao hawakupiga risasi vitani hata siku moja. Na wako wanawake, na wanaume pia, walionajisiwa na wenzao wa jeshi. Kwa hao VA inatoa matunzo ya bure kwa yote yanayotokana na tendo hilo, hata kama hawakuripoti wakati ule.

Mugonjwa hakai sana. Ni siku chache, pengine juma moja ao mbili, kulingana na hali yake. Munganga hawezi kumufunga mutu kwa sababu tu anamuhurumia: kila jimbo lina sheria yake, na mutu asiyetaka kubaki ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Kwa muda huo mufupi dawa inaanza tu kufanya kazi.

Kuna jambo lingine ambalo linaharibu mazungumuzo: feza. Serikali inalipa askari wa zamani kila mwezi kulingana na kiasi cha ulemavu, kwa asilimia, na ugonjwa wa akili unahesabiwa. Munganga wa wodi siye anayeamua asilimia hiyo, kuna uchunguzi wake wa pekee. Hata vile mugonjwa anaogopa kwamba akisema «niko muzuri» leo, maneno hayo yatasomwa kesho na malipo yatapunguzwa. Munganga naye hajui kama mutu anaficha nafuu ao anaficha maumivu. Asimuhukumu haraka. Mutu ambaye ule mushahara ndio unalipa nyumba yake ana sababu ya kuogopa.

Kisha kuna bunduki. Mwaka wa 2022 askari wa zamani 6,407 walijiua Marekani, ni kusema 17 ao 18 kila siku, na zaidi ya saba kati ya kumi walitumia bunduki. Munganga hana uwezo wa kwenda kuchukua silaha nyumbani kwa mutu, na kule silaha ni haki inayolindwa na Katiba. Anachofanya ni kuuliza, bila kugombana: iko ngapi, iko wapi, nani anaweza kukulindia kwa muda? VA inatoa kufuli za bunduki bure. Inaonekana kama kitu kidogo. Lakini wazo la kujiua mara nyingi linapanda na kushuka kwa muda mufupi, na dakika ya kutafuta ufunguo inaweza kutosha mutu abadili nia ao apige simu. Mbele ya kutoka, mugonjwa na wanaomutunza wanaandika pamoja karatasi moja: dalili zangu ni zipi, nani nitamuita, fasi gani nitakimbilia. Namba ya simu ya dharura, 988 kisha 1, inaandikwa pale.

Na hapa ndipo kazi ya munganga inatoka mukononi mwake. Mutu akitoka, sherti mwengine amupigie simu katika siku saba. Sherti apate siku ya kuonana na musaikolojia, na nyumba kama hana. Tangu Januari 2023 sheria inamuruhusu askari wa zamani aliye katika hatari ya kujiua aende hospitali yoyote, hata ya watu binafsi, VA italipa: hadi siku 30 za kulazwa na 90 za matunzo kisha kutoka. Ni sheria nzuri. Lakini karatasi ya sheria haipige simu kwa mugonjwa.

Mwezi wa tatu 2025 ilijulikana kwamba serikali ya Donald Trump iliwaza kuondoa kazi karibu 80,000 katika VA. Mwezi wa saba hesabu ikashuka: karibu 30,000, kupitia wanaoacha wenyewe na wanaoenda pensheni. Waziri Doug Collins alisema matunzo hayataguswa, kwani kazi za waganga na wauguzi zililindwa. Kwa kweli, kulinda munganga si kitu kidogo. Lakini mwezi wa nane mukaguzi wa wizara alitoa ripoti: upungufu mukubwa wa wafanyakazi ulioripotiwa na hospitali ulipanda kwa karibu nusu kwa mwaka mumoja, na upande wa kazi za matunzo, saikolojia ndiyo iliyotajwa na hospitali nyingi zaidi. Wodi inaweza kubaki na munganga wake, na nyuma yake mulolongo ukakatika.

Wanaotetea serikali wanasema mugonjwa anaweza kwenda kwa waganga wa kipekee, na sheria ya 2018 imefungua mulango huo. Ni kweli, na kwa anayeishi mbali na hospitali ni musaada. Shida ni kwamba munganga wa mujini hana sikuzote mazoea ya kuuliza mambo ya jeshi, na haketi chumba kimoja na yule wa kutafuta nyumba.

Katika Kivu, hospitali za namna ile hazijulikane. Watu wa Goma wanajua Tulizo Letu, wa Bukavu wanajua SOSAME, zote mbili za Mabruda wa Upendo, na zinapokea kila mutu. Muradi wa serikali wa kuwapokonya silaha wapiganaji, P-DDRCS, uliundwa mwaka wa 2021. Raia wanauliza sana juu ya bunduki na juu ya kazi watakayopewa wanaorudi. Juu ya usingizi wao, maulizo ni machache.

Hata hivyo jambo lilijaribiwa Goma. Watafiti wa Ujerumani waliandika mwaka wa 2013 juu ya wapiganaji wa zamani walioeleza maisha yao yote kwa mupango: kamba inatandikwa chini, maua ni mambo mazuri, mawe ni mabaya, na vijiti ni jeuri ambayo mutu mwenyewe alifanya. Dalili za ugonjwa zilipungua. Makala nyingine ya 2017 ilionyesha kwamba washauri wa hapa, waliofundishwa, wanaweza kuendesha kazi hiyo na hata kufundisha wenzao. Hawakuwa waganga wa akili. Walikuwa watu wa kusikiliza.