MAONI: Safari ya Ulaya wakati wa otone, mama asizungushwe miji mitano, watoto ndio wamfuate

Mvua za Septemba zikianza kunyesha Kivu, huko Ulaya majani ya miti yanageuka rangi na kuanguka. Ni majira ambayo wanaosema Kifaransa wanayaita otone. Wakati huo pia simu za familia nyingi za Bukavu, Goma na Uvira zinajaa sauti za WhatsApp kutoka kwa watoto walioko ng'ambo: "Mama, mwaka huu lazima uje. Utaanzia Bruxelles, upite Lille, uende Paris, halafu Cologne, umalizie Amsterdam. Kila mtoto atakupata siku nne."

Ni maneno matamu. Lakini pesa ya safari hiyo inatoka katika mfuko uleule unaotuma kitu kidogo kwa dada aliyepanga chumba kimoja Panzi, au kwa binamu aliyekimbia Masisi na sasa analala na watoto katika nyumba ya watu. Safari ikiharibika, anayelia si mama peke yake. Kuna wengine watakaokaa miezi bila kupokea kitu, na hakuna atakayewaeleza sababu.

Ndiyo maana jambo hili linafaa kusemwa waziwazi. Miji mitano katika wiki tatu ni mzigo ambao hauna faida. Mama apewe nyumba moja, katika nchi moja, na mji mmoja au miwili ya kutembelea. Watoto wenye makaratasi ndio wapande treni wamfuate.

Viza moja, nchi kuu moja

Sheria yenyewe inaelekea upande huo. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29. Aliyeipata kwa Wabelgiji anaweza kuingia Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Luxembourg bila kuomba nyingine, hata Uswisi ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya. Muda wa juu ni siku 90 ndani ya siku 180. Lakini siku za kweli ni zile zilizoandikwa kwenye viza yenyewe: ikiandikwa 25, ni 25.

Ombi linapelekwa kwa nchi ambako mgeni atakaa siku nyingi kuliko kwingine. Siku zikilingana, ni nchi atakayoingia kwanza. Hapo ndipo mpango wa "kila mtoto siku nne" unapoleta shida. Anayesoma faili anauliza: huyu mama anakwenda kwa nani hasa? Na kila nchi ina karatasi yake ya kumpokea mgeni. Ubelgiji mwenyeji anajaza dhamana na kuipitisha kwenye komine. Ufaransa anaomba cheti cha kumlaza mgeni kwa meya. Ujerumani anakwenda kutia sahihi kwenye ofisi ya wageni. Watoto watano wakianza kukimbilia ofisi, mmoja atachelewa, na kuchelewa kwake kutakuwa kuchelewa kwa mama.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata jibu likiwa hapana. Inatakiwa pia bima ya safari inayofika euro 30,000 kwa matibabu. Ombi linaweza kupelekwa miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini linaweza kufika 45. Mama anayetaka kusafiri katikati ya Oktoba anaweza kuanza katikati ya Aprili. Familia inayoamka Septemba imeshachelewa, hata kama bado kuna siku kwenye kalenda.

Jambo moja linawaangusha wengi: London haimo. Uingereza ina viza yake, na mama mwenye mtoto London atalipa na kuomba upya. Tena viza yake ya Schengen ikiwa ni ya kuingia mara moja, akivuka kwenda London, mlango wa kurudi Bruxelles umefungwa, hata kama zimebaki siku kumi. Kama mtoto wa London ana makaratasi ya kumruhusu kusafiri, yeye ndiye avuke.

Waanze na yule asiyeweza kutoka

Familia zilizokimbia vita hazina watoto wenye hali moja. Mmoja ameshapata uraia. Mwingine amekubaliwa kama mkimbizi, ana kadi ya kukaa na hati ya kusafiria ya wakimbizi, kwa hiyo anaweza kutembelea nchi jirani za Schengen hadi siku 90. Wa tatu bado anangoja jibu la ombi lake la hifadhi. Ubelgiji huyu ana kadi ya rangi ya machungwa, na kadi hiyo haimpi ruhusa ya kuvuka mpaka.

Wapangaji wengi wa safari wanaanza na mtoto mwenye nyumba kubwa au mwenye pesa. Wanakosea. Mpango unapaswa kuanza na huyu wa tatu. Mara nyingi ndiye aliyekaa miaka bila kumwona mama, na ndiye asiyeweza kumfuata popote. Akiwa Liège, basi Ubelgiji ndiyo nchi kuu ya safari. Wengine wote watafika hapo. Wa Lille ana treni ya kasi ya dakika kama 35 hadi Bruxelles. Wa Paris ana saa moja na dakika 22. Wa Cologne na wa Amsterdam wana karibu saa mbili kila mmoja. Kwa kijana wa miaka thelathini hiyo ni Jumamosi moja. Kwa mama wa miaka sitini na tano mwenye magoti mabaya, na mabegi, na ngazi za stesheni, na tangazo la lugha asiyoijua, ni jambo lingine kabisa.

Wako watakaosema: mama anakuja mara moja katika maisha, acheni aone dunia. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayetaka mama afungiwe ndani ya apatimenti. Wengine watasema kazi haiwaachi. Lakini mtoto asiyepata siku mbili za kumfuata mama Bruxelles, je, mama akifika kwake Amsterdam atampata saa ngapi? Wazee wengi wanarudi wakisimulia kwamba huko waliona televisheni na dirisha. Mwenyeji alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi usiku.

Kalenda ya watoto wa shule

Otone ina faida yake. Tiketi za ndege kwa kawaida zinapungua baada ya likizo kubwa ya Julai na Agosti, na wajukuu wanapata mapumziko. Ila mapumziko hayaanguki siku moja. Shule za Wabelgiji wa Kifaransa na shule za Ufaransa zinatoa wiki mbili, lakini si lazima ziwe wiki zilezile. Wabelgiji wa Kiflamandi wanatoa wiki moja, karibu na Novemba 1. Waholanzi wana wiki yao ndani ya Oktoba, na Ujerumani kila jimbo lina tarehe zake. Kabla ya kununua chochote, kila mtoto atume kalenda ya shule ya wanawe kwenye kundi la familia. Wiki ambayo wengi wana nafasi ndiyo wiki ya kukutana.

Baridi nayo isichukuliwe kama mchezo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja. Katikati ya Novemba jua la Bruxelles linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Koti na viatu vizuri vinunuliwe kabla ya kununua tiketi ya mji wa tatu.

Barabarani paspoti ikae mfukoni. Kusema "Schengen haina mipaka" si kweli tena kama zamani. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, Uholanzi ikafuata Desemba mwaka huohuo. Basi linasimamishwa, polisi anapanda, anaomba karatasi. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza pia mfumo wa kuandikisha alama za vidole na picha ya uso ya mgeni anapoingia na anapotoka. Siku za mgeni zinahesabiwa na mashine, na mashine haina huruma ya "nilisahau". Ubelgiji kuna deni lingine dogo: anayelala nyumbani kwa mtu, si hotelini, anapaswa kujitambulisha kwenye komine ndani ya siku tatu za kazi.

Uongo unaoandikwa kwa jina la mama

Kuna wale wanaojiita wakomisioneri. Wanamwambia mama: "Tuombe kwa nchi fulani, ile inatoa haraka, ukifika utakwenda unakotaka." Wanamtengenezea hoteli asiyoijua na taarifa ya benki ya akaunti asiyokuwa nayo. Wakishalipwa, simu yao inazimika. Faili la viza linaingia katika mfumo mmoja ambao nchi zote za Schengen zinausoma, na linakaa humo hadi miaka mitano. Uongo uliopelekwa kwa nchi moja unaonekana na nyingine. Jina lililoharibika ni la mama, si la komisioneri.

Lakini haki itendeke pande zote mbili. Balozi zinataka kuona kitakachomrudisha mgeni kwao: nyumba, kazi, shamba, akiba. Mama aliyekimbia ana nyumba iliyochomwa na shamba asiloweza kulikanyaga. Karatasi zake zilibaki katika sanduku njiani. Hana ushahidi kwa sababu vita viliula ushahidi, na anahukumiwa kama mtu anayeficha jambo. Tena kutoa alama za vidole kunamlazimisha kuvuka nchi nzima hadi Kinshasa, kilomita kama 1,500 kwa mstari wa ndege, katika wakati ambapo njia za kutoka Goma na Bukavu zimekuwa ngumu tangu mapigano ya mwanzo wa 2025. Wanaosimamia viza wanaweza kufanya zaidi. Barua ya mkuu wa shule wanakosoma wajukuu waliobaki, ya parokia, au ya mkuu wa mtaa inayoeleza kwamba mtu huyu alihamishwa na vita, ingepaswa kusomwa kwa uzito. Na wakaaji wa mashariki wanastahili siku za kupokelewa karibu na kwao. Kuomba hivyo si kuomba upendeleo.

Mpaka hayo yabadilike, silaha ya mama ni ukweli wake, hata ukiwa mdogo. Mpango unaoaminika ni ule ambao mama mwenyewe anaweza kuueleza bila kusoma: ninakwenda kwa mwanangu Liège, nitakaa siku 21, siku tatu nitakwenda Lille kuona mjukuu aliyezaliwa, tarehe fulani ninarudi kwa sababu wajukuu wengine niliwaacha kwa dada yangu. Tiketi ya ndege iwekwe akiba kwanza, ilipwe viza ikishapatikana. Na pesa iliyookolewa kwa kufuta Amsterdam na Cologne ijulikane inakwenda wapi.

Siku moja ya safari hiyo isikosekane. Mwanzoni mwa Novemba, watu wa Ubelgiji wanapeleka maua makaburini. Bruxelles, pembeni mwa Matonge, kuna uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba Juni 2018. Na Tervuren, mji mdogo jirani, kando ya kanisa, kuna makaburi ya Wakongo saba. Waliletwa mwaka 1897 pamoja na wenzao zaidi ya 200 ili waonyeshwe kwa watu katika maonyesho ya mfalme Leopold II, na wakafia huko. Safari yao ilipangwa na wengine. Hakuna aliyewauliza wanataka kulala wapi.

Mama wa Bukavu ana bahati ambayo hao saba hawakuipata: ana watoto wanaompenda na tiketi ya kurudi. Basi, kabla ya kundi la WhatsApp kumpangia mji wa tano, mmoja wao ampigie simu, anyamaze kidogo, amwulize: "Mama, wewe unataka kumwona nani kwanza?"