Ugali umeupa talaka, soseji umeioa!

Hivi jamani, nani aliyetangaza kwamba soseji ni dawa? Siku hizi hapa Dar kila ninayekaa naye meza moja ananiambia "nimeacha wanga". Ugali kausukuma pembeni, chapati haitaki hata kuiona. Halafu anaagiza soseji nne na bekoni, anazishushia na mayai mawili, na kunitangazia kwamba yuko kwenye dayati. Ukihoji, jibu ni moja: "Hii haina wanga bwana!"

Hata mafuta ya taa hayana wanga. Mbona huyanywi?

Tuelewane. Sina ugomvi na wanaopunguza wanga. Wapo waliopungua uzito, na wapo wagonjwa wa kisukari walioshusha sukari yao wakiwa chini ya uangalizi wa daktari. Wala jambo lenyewe si geni, Dk. Robert Atkins wa Marekani alitoa kitabu chake mwaka 1972. Ugomvi wangu ni na watu wanaopima chakula kwa kigezo kimoja tu, wanga, na kufumba macho kwa mengine yote.

Hayo mengine ni haya. Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilitamka kwamba upo ushahidi wa kutosha kuwa nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni, hemu, salami na wenzake, husababisha saratani ya utumbo mpana. Hesabu yao: kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja. Wewe unakula nne!

Najua kuna atakayesema natisha watu. Haya, niweke sawa: hiyo ni nyongeza juu ya hatari ambayo kwa mtu mmoja mmoja ni ndogo, na soseji haiui watu kama sigara. Soseji ya siku moja moja haina neno. Lakini dayati si ya siku moja. Ukiifanya soseji kuwa ndiyo ugali wako, tayari umo ndani ya hesabu ile ya "kila siku".

Bado chumvi. WHO inataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, na nyama hizi huhifadhiwa kwa chumvi hiyo hiyo, pamoja na nitriti inayozipa ile rangi ya waridi. Presha nayo haiulizi kama umekula wanga.

Kichekesho kikubwa ni kwamba soseji nyingi za bei poa hujazwa unga au wanga ili zitune. Geuza pakiti usome! Umekimbia sembe mezani, umeikuta imejificha ndani ya soseji.

Na hatuna shida ya chakula kisicho na wanga mwingi. Samaki wa Feri wapo. Mayai, kuku, mchicha, matembele, parachichi, vyote vipo sokoni. Tatizo ni kwamba mchicha hauna hadhi, na bekoni inapendeza kwenye picha.

Acha wanga ukitaka, ni mwili wako. Ila usiniite mshamba kwa sababu ya ugali wangu na samaki, wakati wewe umebeba pakiti ya soseji na kuiita afya.

Mwenye hoja aje nayo, uwanja ni wenu.