Kofia Ngumu kwa Mpanda Baiskeli Mwenye Hemofilia

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, mzee mmoja alisimama akatoa shauri kwamba mwanafunzi yeyote mwenye ugonjwa wa damu kutoganda akatazwe kuja shuleni kwa baiskeli. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma nikigawa maji, na kwa kuwa mwanafunzi hasemi katika mkutano wa wazazi, nilinyamaza. Sasa naomba nafasi nimjibu katika gazeti letu, kwa heshima zote, kwa maana aliyekuwa akisemwa ni mdogo wangu wa Kidato cha 1.

Ugonjwa huu huitwa hemofilia. Damu ina vitu kadhaa vinavyosaidiana kuigandisha pale mtu anapoumia, na madaktari wamevipa namba. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na kile cha 8, na mwenye hemofilia B amepungukiwa na kile cha 9. Wengi wa wagonjwa ni wanaume, nao huurithi kwa mama. Lakini katika wagonjwa watatu, kama mmoja hutokea bila mtu mwingine wa ukoo kujulikana kuwa nao, kama ilivyokuwa kwetu. Watu hudhani kwamba damu ya mgonjwa hububujika kama bomba lililopasuka. La hasha. Hutoka kwa mwendo ule ule wa damu ya wengine, ila haikomi upesi. Mkwaruzo wa goti si jambo kubwa. Hatari ni damu inayovuja ndani, katika maungio, na zaidi ya yote ndani ya fuvu la kichwa, ambako haina nafasi ya kwenda.

Basi, je, mzee yule hakusema kweli? Alisema nusu yake. Mpira wa miguu na ndondi haviwafai wagonjwa hawa, na mdogo wangu amelikubali hilo, ijapokuwa kwa uchungu. Lakini Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963, lenyewe huhimiza kuogelea, kutembea na hata kupanda baiskeli, kwa sababu misuli yenye nguvu huyalinda maungio. Tena sisi twakaa kilomita 7 kutoka hapa. Ukimnyima baiskeli atapanda bodaboda, kwa ule mtindo wa mshikaki, na sijui ni nani atakayeniambia kwamba huo ni usalama zaidi.

Jambo la kushughulikia ni kofia ngumu, au helmeti kama wengi waitavyo. Hapo sisi wenyewe tulikosea kwanza. Mama alifanya kama afanyavyo kwa sare: alinunua ya mtumba, tena kubwa, ili imfae mpaka Kidato cha 4. Muuguzi wa kliniki alipoiona aliishika kwa mikono miwili akaizungusha, nayo ikazunguka hali kichwa kimetulia. Kofia ya namna hiyo huteleza nyuma mtu aangukapo, ikaliacha paji la uso wazi.

Yapasa kukipima kichwa, juu kidogo ya nyusi, kwa utepe wa fundi cherehani, kisha kutafuta kofia yenye sentimita hizo. Ikae sawa, isiegemee kisogoni. Ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ikutane chini ya kila sikio, na chini ya kidevu pasipite zaidi ya vidole viwili. Ukiisukuma, ngozi ya paji iende nayo.

Kuhusu mtumba, heri kuacha. Ndani ya kofia mna kitu cheupe chepesi, kama kile kinachofungiwa televisheni mpya dukani. Kazi yake ni kubonyea, ili kichwa kisimame polepole badala ya ghafula. Nacho kikishabonyea hakirudi. Nani ajuaye kofia ya mnadani ilikwisha anguka mara ngapi? Afadhali mpya ya bei ndogo yenye alama ya EN 1078 ya Ulaya, au CPSC ya Marekani, ambayo huko ni sharti tangu 1999. Kofia ya Ulaya huangushwa juu ya fuawe kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Haikupimwa kwa kugongwa na lori, wala tusijidanganye. Na kofia ya mjenzi isitumiwe kamwe: imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu, haikutengenezwa kwa mtu anayeanguka.

Kwa mwenye hemofilia ningechagua ile inayoteremka mpaka kisogoni na kufunika kipanda uso, yenye matundu ya kutosha asiivue kwa joto. Hata hivyo, akigonga kichwa, walimu wasiseme, "Alivaa kofia, mwacheni apumzike." Damu huweza kuvuja kichwani, na maumivu, kutapika au usingizi vikaja baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Apelekwe hospitali mara moja, apewe kwanza dawa ya kugandisha damu, ndipo apigwe picha. Asipewe aspirini. Na kofia ile itupwe.

Shauri langu kwa wazazi na Mwalimu Mkuu ni kwamba kila anayekuja kwa baiskeli avae kofia, mzima na mgonjwa. Mdogo wangu anayo sasa iliyo sawa naye, lakini huchekwa na kuitwa rubani. Jana asubuhi nilihesabu baiskeli chini ya mwembe, zilikuwa 43. Kofia ilikuwa moja, nayo ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani tangu kona ya sokoni.