Wanafunzi wa Uhandisi Wapewe Kazi

Kila mwaka, masomo ya darasani yanapofungwa, vijana wetu wanaosomea uhandisi huonekana katika veranda za idara na mashirika, bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo inayoomba kijana huyo apokewe kwa wiki kadhaa za mafunzo ya vitendo. Wengine hupokewa siku hiyo hiyo, hasa wale wenye mjomba ndani. Wengine huambiwa warudi kesho, na kesho ikazaa kesho kutwa, mpaka nusu ya muda wa mafunzo ikaishia barazani.

Hivi karibuni tulizungumza na kijana mmoja wa fani ya umeme aliyemaliza mafunzo hayo katika ofisi ambayo hatuoni haja ya kuitaja. Tulimwomba atuonyeshe daftari lake la kazi, lile ambalo mwanafunzi huandika kila siku alichofanya na msimamizi akatia saini. Tulisoma ukurasa baada ya ukurasa: kupanga majalada, kupeleka barua, kupanga majalada tena. Katika wiki 8 alipanda gari la mafundi mara moja tu, kwenda kutazama transfoma iliyoungua, na hata huko aliachwa ndani ya gari kwa kuwa hapakuwa na kofia ngumu ya ziada. Saini zote zilikuwapo, na muhuri pia. Tunashuku zilitiwa siku moja, maana wino wake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatusemi haya kwa kuwabeza wakuu wa kazi. Umeme hauna mzaha, na mhandisi mwenye simu tatu zinazolia kwa pamoja hana raha ya kumwangalia mtoto wa watu asishike palipo na moto. Lakini Serikali na wazazi hawakumgharamia kijana huyu ili aje kuwa tarishi.

Wananchi wa Unguja hawajasahau kipindi cha tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikatika huduma, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa miezi 3 hivi. Pampu zilisimama, maji yakawa adimu, na kina mama wakabeba ndoo usiku na mchana. Mwaka 2008 tulikuwa tumekwisha kuonja giza kama hilo kwa mwezi mmoja. Leo upo waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013, na Pemba nayo imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Hiyo ni neema. Hata hivyo waya huchakaa kama kitu chochote, na siku itakapotokea hitilafu nyingine tungependa miongoni mwa watakaoitwa wawemo vijana wa visiwa hivi waliokwisha kuzishika nyaya hizo kwa mikono yao.

Wengi wetu tulianzia chuoni, juu ya mkeka, kabla ya kuingia skuli ya Serikali. Chuoni hapakuwa na njia ya kumhadaa mwalimu. Mtoto hakupewa sura ya pili mpaka ameisoma ya kwanza mbele yake, kwa sauti, na akikosea alirudishwa nyuma. Watoto walipokuwa wengi, khalifa, yaani mwanafunzi mkubwa, aliwasikiliza wadogo, na kwa kuwasikiliza naye akazidi kujua. Mafundi wa majahazi wa Nungwi hawakusoma vitabu vya ualimu, lakini ndivyo walivyowalea wanagenzi wao: kijana huanza kwa kushika ubao, kisha hufundishwa kutia kalafati, na siku nyingi baadaye ndipo hukabidhiwa tezo. Hakuna nahodha ambaye angekubali kusafiri katika chombo kilichoundwa na mtu ambaye kazi yake bandani ilikuwa kuchemsha chai.

Huko Bara, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kumweka mhitimu chini ya mhandisi aliyesajiliwa kwa muda wa miaka 3 kabla naye hajasajiliwa. Huyo ni mtu mwenye shahada tayari. Itakuwaje basi tumwone mwanafunzi wa mwaka wa pili kuwa ni mgeni wa kupitisha muda?

Jambo jingine ni miradi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa kubuni na kuunda kitu chake, akaeleza mbele ya walimu wake kinavyofanya kazi. Tumewahi kuhudhuria maonyesho ya miradi hiyo, na kwa kweli vipaji vipo. Tatizo ni kwamba mingi imechotwa kutoka mbali: taa za barabarani za miji mikubwa, milango inayojifungua yenyewe. Kumbe maswali yamejaa pwani kwetu. Dagaa hutandazwa juani, na mvua ya masika ikishuka mzigo mzima huoza. Je, hakuna wa kuunda kaushio linaloweza kutengenezwa na fundi wa Mkokotoni? Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, hufa katika maji ya kina kifupi yanapopata joto. Kina mama wa Paje na Jambiani wanahitaji vyombo na nyavu za kuwawezesha kulima maji ya ndani zaidi. Na mwanafunzi wa ujenzi asiende mbali: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilianguka likiwa katika ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha. Ni vijana wetu wangapi wamewahi kusimama kando ya tanuu la chokaa, au kupima boriti ya mkandaa iliyoliwa na mchwa?

Maswali hayo hayawezi kumfikia mwanafunzi kwa njozi. Idara ya uvuvi, ya maji na ya mambo ya kale, pamoja na vyama vya ushirika, ziviandikie vyuo mwanzoni mwa mwaka: haya ndiyo yanayotushinda. Taarifa ya mradi nayo isiishie kabatini. Ipelekwe kwa aliyeuliza.

Tuna neno pia kwa wazazi. Yule kijana wa daftari alitueleza kwamba tangu udogo hupenda kufungua redio mbovu, na kwamba alichapwa mara nyingi kwa kuharibu vitu. Leo redio zote za mtaa wao hupita mikononi mwake, na yale aliyokosa ofisini ameyapata uani kwao. Mapenzi ya namna hiyo ni nusu ya elimu. Msimamizi mwenye busara angemuuliza siku ya kwanza: kijana, wewe nyumbani hushughulika na nini?

Kwa wasichana hali ni mbaya zaidi. Wao huwekwa mapokezi tangu asubuhi, kwa hoja kwamba nguzo ni ndefu na jua ni kali. Binti aliyechagua uhandisi anajua urefu wa nguzo. Naye mwanafunzi wa Pemba anayeletwa Unguja hukabiliwa na kodi ya chumba na nauli, hali kazi zipo Wete na Chake Chake.

Mwaka 2023 IIT Madras ya Uhindi ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya taasisi hizo nje ya nchi yao, nayo Taasisi ya Karume na Chuo Kikuu cha Taifa zinaendelea kufundisha. Wenye kuomba nafasi watazidi. Tunawaomba wakuu wa idara na mashirika wamtaje kwa jina mtumishi mmoja mwenye dhamana ya wanafunzi, wanunue kofia ngumu na viatu vya akiba, na waagize kwamba daftari litiwe saini na fundi aliyeiona kazi ikifanywa, siku hiyo hiyo. Na barua zile zilizomo katika bahasha zijibiwe kabla ya mafunzo kuanza, hata kama jibu ni kwamba nafasi hakuna.